Nimetamka kuwa nimemsamehe mdogo wangu, lakini moyo umekataa

Mshauri wetu, assalaam alaykum.

Mimi ni mama wa watoto watatu, mkazi wa Mtwara Mjini, na ninauza vitenge na khanga sokoni. Kwetu ni Tandahimba, katika kijiji ambacho sitakitaja kwa sababu watu wa huko wataitambua habari hii mara moja. Kwa mama yetu tumezaliwa watatu: mimi, mdogo wangu wa kike aliyeolewa Lindi, na kitinda mimba wetu wa kiume, ambaye ndiye aliyebaki kijijini na mama na kulisimamia shamba la mikorosho.

Miaka minne iliyopita, mikorosho ikiwa bado inatoa maua, mdogo wangu huyo alichukua fedha kwa mnunuzi wa kangomba, anayenunua korosho kwa magendo nje ya mnada, na kumwahidi magunia sita ya korosho za mama kwa bei ya kutupa, pasipo mama wala sisi dada zake kujua. Hakuwa na njaa wala mgonjwa wa kumuuguza. Fedha zile ziliishia kwenye pombe na kwa marafiki. Mwaka uleule nilikuwa nimemtumia fedha za dawa ya salfa kwa kuwa ugonjwa wa ubwiri unga ulikuwa umelishika shamba, na baadaye nikasikia kwa jirani kwamba nusu ya mikorosho haikupuliziwa. Msimu ulipofika, wenzetu wakiwa wanapeleka mzigo ghalani kusubiri mnada, yule mnunuzi alikuja usiku na gari akazoa kila kilichokuwa uani. Jirani ananisimulia kwamba mama alisimama mlangoni, ameshika kitasa, na hakusema neno mpaka gari lilipoondoka. Nilipopata habari nilimpigia mdogo wangu nikamtolea matusi ambayo mtu hamtolei ndugu wa tumbo moja.

Novemba ya mwaka huo mama alipata kiharusi. Mdogo wangu alinipigia jioni akaniomba laki tatu za gari na matibabu; sikumwamini, nikakata, na alipopiga tena niliigeuza simu kifudifudi juu ya vitenge nikaiacha iite. Mama alifariki alfajiri, nami nikafika wakati kaburi limekwisha kufukiwa.

Mwaka jana, mwezi wa Shaabani, mdogo wangu alikuja kwangu akifuatana na mjomba wetu na wazee wawili. Pombe ameacha, ameoa, na wanaotoka kijijini wanasema shamba la mama sasa linapaliliwa na kupogolewa vizuri. Aliketi mkekani akasema, "Dada, nilikosa, nisamehe." Wazee wote wakanitazama mimi. Nikasema nimesamehe, tukasoma Fatiha, tukala wali, wakaondoka wakifurahi kwamba mambo yamekwisha.

Kwangu hayakwisha. Nikiisikia sauti yake kifua kinabana. Usiku ninahesabu yale magunia na bei ambayo yangepata mnadani, nikimaliza ninaanza upya, na usingizi hauji. Ijumaa moja khatibu alisema kwamba asiyehurumia hahurumiwi, nikarudi nyumbani nikitetemeka, kwani nilijiona mnafiki niliyetamka kitu mbele ya wazee na kuficha kingine moyoni. Na sasa binti yangu amepata mchumba. Baba yake alikwisha kufariki. Baba yake mdogo atasimama kuwa walii wa kumwozesha, lakini kwa mila zetu za Kimakonde hakuna posa isiyopita kwa mjomba, na mjomba wake wa tumbo moja na mimi ni huyo mmoja tu. Amekwisha kusema atakuja. Je, nimruhusu akae mahali pake na mimi nikiwa katika hali hii? Nitajuaje kwamba nimesamehe kweli? Na mimi nafsi yangu nitaisamehe vipi, maana mdogo wangu hajawahi hata siku moja kuniuliza kuhusu ile simu?

Ni mimi, Mwenye Kifundo, Mtwara Mjini.

MSHAURI ANAJIBU

Waalaykumu salaam, dada yangu, na pole kwa msiba ambao, ijapokuwa miaka imepita, naona bado hujalimaliza tanga lake.

Nimeisoma barua yako zaidi ya mara moja. Habari ya kangomba umeieleza kwa kirefu, pamoja na salfa, gari la usiku, na mkono wa mama juu ya kitasa ambao wewe mwenyewe hukuuona. Habari ya simu umeipitisha kwa sentensi moja, halafu ukairudia mwishoni kabisa, kama mtu anayeaga kisha akageuka mlangoni kusema lililomleta. Nitaifikia simu hiyo, kwa kuwa naamini ndiyo iliyoiandika barua nzima, lakini kwanza nikutoe hofu ya unafiki.

Mnafiki hutamka asilolikusudia. Wewe ulikusudia, na neno lako mkekani lilikuwa nia. Wazee ndio walioipokea nia hiyo kama kazi iliyokwisha kufanywa. Wewe ni mtoto wa Tandahimba, unajua kwamba korosho iliyookotwa leo haipelekwi ghalani leo, bali huanikwa kwanza, na anayeficha mbichi katikati ya gunia ataumbuliwa na ukungu. Wazee wetu wana haraka ya kutaka yaishe, na mara nyingi haraka hiyo inaokoa ukoo usivunjike, lakini siku ile waliufunga msamaha wako ungali mbichi. Kilichobaki ni kuufungua na kuuanika. Wala haimaanishi kwamba ulidanganya.

Soma tena Sura Yusuf, safari hii si kwa ajili ya thawabu tu bali kwa kuangalia muda uliopita ndani yake. Ndugu waliomtupa kisimani walipofika Misri kutafuta chakula, Yusuf aliwatambua nao hawakumtambua, na siku hiyo hakuwaambia kwamba amewasamehe. Aliwapa chakula, akataka wamlete ndugu yao mdogo, akawaacha waende na warudi, akatazama watamtendea nini mdogo huyo mambo yatakapowabana. Ni baada ya hayo yote ndipo aliposema, katika aya ya 92, kwamba leo hapana lawama juu yao. Na baba yao, Nabii Yaakub, watoto walipomlilia awaombee msamaha, alijibu katika aya ya 98 kwamba atawaombea kwa Mola wake. Alisema atawaombea, na wafasiri wamelizungumza sana neno hilo. Wako waliosema kwamba aliungojea wakati wa karibu na alfajiri ambao dua hupokelewa. Ikiwa mitume wawili katika nyumba moja hawakuwa na mwendo mmoja, sioni kwa nini wewe uone haya kwa kuwa na mwendo wako.

Khatibu wako hakukosea. Hadithi aliyoitaja ni sahihi. Lakini hofu uliyorudi nayo nyumbani inakuambia kwamba Mwenyezi Mungu anasubiri kifua chako kipoe ndipo akuhurumie, na mafundisho hayasemi hivyo. Aya ya 22 ya Sura Nur, inayouliza kama hatupendi Mwenyezi Mungu atusamehe, iliteremka kwa ajili ya Abubakar Sidiki na jamaa yake Mistah, maskini aliyekuwa akiishi kwa msaada wake, ambaye aliingia katika kundi la waliomsingizia Bibi Aisha, binti wa huyohuyo anayemlisha. Abubakar aliapa kwamba hatampa tena kitu. Aya ilipoteremka alisema kwamba anapenda kusamehewa, akarudisha yale matumizi. Alianza na kitendo kilichokuwa katika uwezo wa mkono wake. Nawe anza hapo: salamu usimnyime, kwani Mtume ametukataza kumhama ndugu zaidi ya siku tatu; simu yake uipokee hata kama maongezi ni mafupi; na baada ya swala umtaje kwa jina lake katika dua, hata kama ulimi ni mzito na dua ni ya maneno matano.

Kifua kitaendelea kubana kwa muda, na hilo peke yake si ushahidi dhidi yako. Wahshi alimuua Hamza, ami yake Mtume, katika vita vya Uhud, na miaka kadhaa baadaye akaja kusilimu. Mtume aliupokea Uislamu wake na hakulipiza kisasi, lakini alimwomba, ikiwezekana, asimwonyeshe uso wake. Huyo ndiye mwenye huruma kuliko sisi sote, naye aliacha haki yake pasipo kujilazimisha kuvumilia kumwona muuaji kila siku. Wasomaji wetu Wakristo wa Masasi na Ndanda wana neno lao la karibu na hili, pale Petro alipouliza kama asamehe hata mara saba akajibiwa saba mara sabini. Mimi huona kwamba hesabu hiyo inamfaa pia mtu anayelazimika kusamehe kosa lilelile moja kila linapomrudia usiku.

Sasa tuje kwenye simu.

Sitakuambia kwamba hukukosa, kwa sababu hutaniamini, na ushauri usioaminika ni kelele tu. Ulikuwa na sababu ya kutomwamini mtu aliyekwisha kula fedha za salfa, na mwenye busara yeyote angekuwa na shaka kama yako. Kosa lako lilikuwa kuitumia shaka hiyo kufunga mlango, ilhali palikuwa na jirani yule aliyekuwa akikuletea habari zote, ambaye ungeweza kumuuliza kwa dakika moja kama ni kweli mama anaumwa. Hilo ni kosa, lina ukubwa wake, nalo unapaswa kulitubia kwa ukubwa huohuo. Lakini umelipachika kosa jingine ambalo si lako, nalo ni kifo cha mama. Kiharusi huweza kumchukua mtu aliyekwisha kulazwa kitandani akizungukwa na madaktari, na wewe hujui, wala mimi sijui, kwamba laki tatu zingeisogeza alfajiri ile. Ajali ya mja, yaani siku yake ya kufa, iko mikononi mwa Muumba wake. Ukijihukumu kwa lile lililo lako tu, utakuta kwamba linabebeka.

Namna ya kutubu unaijua tangu madrasa: kuliacha kosa, kulijutia, kuazimia kutolirudia, na ikiwa kosa linagusa haki ya mtu, kumrudishia haki yake au kumwomba radhi. Matatu ya kwanza naona umeyafanya hadi ukapitiliza, maana majuto yako yamekwisha kuacha kuwa toba na yamekuwa adhabu unayojichapa mwenyewe kila usiku, na aya ya 53 ya Sura Zumar inawakataza hata waliojidhulumu nafsi zao kukata tamaa na rehema. Lililobaki ni la nne, na hapa ndipo ninapokuomba usome polepole.

Mtu wa kwanza unayedhani umemdhulumu ni mama, naye hayupo. Kwa huyo mlango haujafungwa. Saad bin Ubada, sahaba wa Madina, mama yake alifariki yeye akiwa hayupo, akaja kumuuliza Mtume kama sadaka atakayoitoa kwa niaba yake itamfaa. Alipojibiwa ndiyo, alimshuhudisha Mtume kwamba bustani yake ni sadaka kwa ajili ya mama. Imepokewa pia kwamba aliuliza sadaka iliyo bora na akajibiwa kuwa ni maji. Wewe unatoka juu ya uwanda wa Makonde, ambako watu wanajua thamani ya ndoo moja kuliko watu wa pwani. Tangi la kuvunia maji ya mvua katika msikiti wa kijijini kwenu, kwa fedha utakazoziweka kidogo kidogo kutoka kwenye vitenge, ni kazi ya mikono itakayokufaa kuliko kuhesabu magunia usiku. Usikope ili kuliharakisha.

Mtu wa pili uliyemdhulumu yu hai. Usiku ule mdogo wako alikuwa peke yake na mama aliyepooza, hana fedha, na anajua kwamba hana fedha kwa sababu ya ulevi wake mwenyewe. Alipiga simu kwa dada yake, akakatiwa. Akapiga tena, ikaita hadi ikanyamaza. Ni yeye aliyemfumba mama macho. Tangu siku ile hajakuuliza, hakukulaumu mbele ya wazee, wala hakuitaja simu pale mkekani ingawa ingempunguzia mzigo wake kwa nusu. Wewe umeuona ukimya huo kama kisu kinachosubiri. Mimi, kwa jinsi unavyonieleza habari zake, nauona kuwa huenda ni msamaha aliokwisha kukupa kimyakimya kwa sababu hakujiona ana haki ya kukudai. Kwa vyovyote, huwezi kuujua ukweli mpaka umuulize, na nadhani sehemu kubwa ya kifundo chako imefungwa hapo: unamkasirikia kwa magunia kwa sababu kumkasirikia yeye ni kwepesi kuliko kukaa na ile simu.

Basi nenda Tandahimba kabla ya siku ya posa, pasipo wazee. Mzuru mama kaburini pamoja naye, kisha mkae mahali penu mnapopajua, na umwambie wewe kwanza: "Ulinipigia, nami nikaiacha simu iite. Nisamehe." Usiongeze "lakini na wewe". Yake alikwisha kuyasema mwaka jana, mbele ya watu, na hiyo haikuwa kazi ndogo kwa mwanamume wa kijijini. Umwombe akusimulie usiku ule ulivyokwenda, kwa kuwa mpaka leo unauona kwa macho ya jirani. Huenda akalia, huenda akakasirika. Akikasirika, mpe nafasi ileile uliyoiomba wewe katika barua yako, asiharakishwe.

Kuhusu posa, sina shaka hata kidogo: akae mahali pake. Umesema vizuri kwamba walii ni baba mdogo, na ndoa itasihi hata mjomba akiwa kijijini amelala. Lakini heshima ya mjomba katika ukoo wetu si zawadi ya mama kwa kaka yake, ni haki ya binti. Mtoto akiposwa mjomba wake hayupo, ukweni wataanza kuuliza kuna nini, na binti ataingia katika ndoa akiwa amebeba kisa ambacho hakukifanya. Lakini usikubali shughuli hiyo igeuzwe baraza la mapatano, wala mzee yeyote asisimame kuwataka mkumbatiane mbele ya wageni. Mwambie mjomba wenu mapema, kwa adabu, kwamba siku hiyo ni ya mtoto.

Nakuomba pia ufike hospitali ukaeleze habari ya kukosa usingizi, kwani hali hiyo ikishazoeleka huuharibu mwili, na dua haimkatazi mtu kutibiwa.

Limebaki la magunia sita, ambalo wazee walilifunika kwa Fatiha. Kusamehe hakufuti deni mpaka anayedai aseme amelifuta. Sura Shura, aya ya 40, inaruhusu malipo ya haki kabla ya kumsifu anayesamehe na kusuluhisha. Korosho zile zilikuwa mali ya mama, na thamani yake sasa ni ya warithi wote, akiwamo yeye mwenyewe kwa fungu lake. Wewe unaweza kuliachia fungu lako, lakini huna mamlaka ya kuliachia la mdogo wako wa Lindi, ambaye katika kisa hiki chote hakuna aliyemuuliza. Mwiteni. Mpige hesabu ya magunia kwa bei ya mnada wa msimu ule, na kitakachobaki kwake alipe kidogo kidogo kila msimu korosho zake zikishalipwa. Na kwa kuwa shamba lenyewe bado ni la marehemu, fungueni mirathi katika mahakama ya mwanzo ili ateuliwe msimamizi. Kwa maoni yangu huyo wa Lindi anafaa kuliko nyinyi wawili.